Ganzi na uharibifu wa tishu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, ndugu zao, mafundi na watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Makete, Mbeya na Tukuyu. Mengine yanamhusu anayechomwa, mengine anayeshika bomba la sindano. Tumeyaacha pamoja makusudi, maana mgonjwa anayejua la kuuliza humsaidia hata mtoa huduma aliyechoka. Yanahusu ganzi ya sehemu moja ya mwili tu. Nusu kaputi ni habari nyingine.

Je, ni kweli sindano ya ganzi inaua nyama?

Inaweza, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Dawa za ganzi huziba milango ya sodiamu kwenye neva, hivyo taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Kwa kipimo cha kawaida kazi inaishia hapo, na baada ya saa chache damu imeshaiondoa dawa. Dawa ikiwa kali mno, au ikikaa palepale muda mrefu, huvuruga mitokondria zinazoipa seli nishati na kufanya kalsiamu ifurike ndani yake. Seli ikifika hapo hufa.

Kwa hiyo, ukitaka kupima hatari ya ganzi yoyote, uliza mambo manne: ni ya asilimia ngapi, itakaa muda gani, inaingia kwenye tishu gani, na imechanganywa na nini. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye hayo manne.

Jeraha la kawaida la ngozi linaloshonwa kwa lignokeini (dawa ya ganzi ya kawaida) ya asilimia 1 hupona vizuri. Ni kweli kwamba kwenye maabara dawa hii hupunguza kasi ya seli zinazotengeneza kovu, lakini kwa vipimo vya kawaida vya kliniki hilo halijaonekana kuchelewesha majeraha kupona kwa kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Kumshona mtu bila ganzi kwa kuogopa kidonda kutopona ni kumtesa bure.

Ni tishu zipi zinazoumia kirahisi?

Ya kwanza ni gegedu, ile tishu laini na nyeupe inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio. Haina mishipa ya damu na hujirekebisha kwa shida sana, kwa hiyo seli zake zikifa hazirudi. Somo kubwa lilitoka Marekani. Baada ya upasuaji wa bega, wagonjwa walikuwa wanaachiwa pampu ndogo inayodondosha bupivakeini, ganzi inayodumu muda mrefu, ndani ya ungio kwa siku mbili au tatu mfululizo. Miezi kadhaa baadaye baadhi yao, wengi wakiwa vijana, walianza kupata maumivu na bega kukakamaa, na picha zikaonyesha gegedu limeyeyuka. Novemba 2009 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliagiza onyo liandikwe kwenye vifungashio. Muda mrefu wa dawa kukaa mahali pamoja ndio ulioleta maafa yale, ndiyo maana hakuna sababu ya kuacha ganzi ikidondoka ndani ya ungio la mtu.

Misuli nayo huumia, na bupivakeini ndiyo inayoongoza. Ukichunguza kwa darubini misuli iliyochomwa dawa hiyo, utakuta nyuzi zilizokufa karibu kila mara. Wagonjwa wengi hawajui kabisa kwamba hilo limetokea, kwa sababu seli mama za misuli hubaki hai na kujenga nyuzi mpya ndani ya wiki tatu hadi nne. Shida huonekana pale misuli inapokuwa midogo na kazi yake ni ya usahihi, kama ile inayozungusha jicho: ganzi ya upasuaji wa mtoto wa jicho ikiingia ndani ya misuli hiyo, mgonjwa anaweza kubaki anaona vitu viwiliviwili.

Neva huumia zaidi kwa dawa kali na kwa ncha ya sindano. Mwaka 1991 madaktari waliripoti wagonjwa waliopooza neva za mkia wa uti wa mgongo baada ya kupewa lignokeini nzito (iliyotiwa sukari ili izame kwenye maji ya uti wa mgongo) ya asilimia 5 kupitia mirija myembamba sana. Dawa ilikuwa inatuama mahali pamoja badala ya kusambaa. Mwaka uliofuata mirija hiyo iliondolewa sokoni Marekani.

Ya nne ni konea, kioo cha mbele cha jicho. Hiyo tumeipa swali lake.

Nimechomelea bila miwani, macho yanawaka kama yamejaa mchanga. Naweza kununua matone ya ganzi nitumie nyumbani?

Hapana. Kati ya yote yaliyomo kwenye ukurasa huu, hili ndilo tungependa lifike kwenye kila karakana ya Mwanjelwa, Uyole na Mafinga.

Mwanga wa kuchomelea huunguza tabaka la juu la konea. Maumivu huanza saa 6 hadi 12 baadaye, kwa kawaida usiku, na tabaka hilo hujijenga upya ndani ya siku moja hadi tatu lisipoguswa. Tone la tetrakeini huondoa maumivu ndani ya nusu dakika, nafuu inadumu dakika 15 hadi 20 hivi, kisha mtu anatia jingine. Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Dawa hiyo huzuia seli mpya zisisogee kufunika kidonda, huvuruga ute wa machozi na kupunguza kupepesa, kwa hiyo konea inakauka. Jicho lililokufa ganzi halikuonyi pia kama kuna kipande cha chuma au unga wa mbao ndani yake. Ukiendelea kwa siku kadhaa konea hufifia, hupata kidonda chenye duara jeupe, na inaweza kutoboka. Maumivu ya hatua hiyo ni makali kuliko ya mwanzo, na mgonjwa huyatibu kwa tone jingine la dawa ileile inayomuumiza.

Hili lilijulikana mapema. Carl Koller alionyesha ganzi ya kwanza ya jicho mwaka 1884, akitumia kokeini, na haikuchukua muda madaktari wakaona kwamba kokeini inaifanya konea kuwa na ukungu. Dawa mpya ni salama zaidi, lakini tabia hiyo zote zinayo.

Mtoa huduma anaweza kukutia tone moja ili akuchunguze au atoe kitu kilichoingia. Hiyo ni sawa. Chupa isitoke chumbani. Nyumbani tumia kitambaa safi chenye maji ya baridi juu ya kope zilizofungwa, parasetamoli au ibuprofeni ya kumeza, chumba chenye giza, na dawa ya kupaka ya antibayotiki utakayopewa. Na soma jina vizuri: tetrasaiklini ya macho ni antibayotiki, tetrakeini (kwenye chupa nyingine ametokeini) ni ganzi. Majina yanakaribiana na hatari yake iko mbali kabisa. Kama saa 24 zimepita na jicho bado ni jekundu na linauma, au uoni umepungua, nenda kliniki ya macho. Kama ulikuwa unagonga au kukata chuma na kitu kikaruka jichoni, nenda siku hiyohiyo.

Kipimo cha juu kinahesabiwaje?

Zidisha asilimia kwa 10, utapata miligramu zilizo kwenye kila mililita. Asilimia 1 ni mg 10, asilimia 2 ni mg 20, asilimia 0.5 ni mg 5. Kosa la kusahau hatua hii ndilo linalozalisha vipimo maradufu, hasa kituo kilichozoea chupa za asilimia 1 kinapoletewa za asilimia 2.

Lignokeini bila adrenalini: mg 3 kwa kila kilo ya uzito. Vitabu vingine vinaruhusu hadi 4.5, lakini pasipo vifaa vya kuokoa maisha karibu, 3 ndiyo namba ya kushika. Lignokeini yenye adrenalini: mg 7 kwa kilo, isizidi mg 500 kwa mtu yeyote. Bupivakeini: mg 2 kwa kilo.

Chukua mtu wa kilo 60. Lignokeini tupu ni mg 180, yaani mililita 18 za asilimia 1 au mililita 9 tu za asilimia 2. Bupivakeini ya asilimia 0.5 ni mg 120, yaani mililita 24. Ukichanganya dawa mbili, vipimo vyake havijitegemei: ukishatumia nusu ya kiwango cha lignokeini, imebaki nusu ya kiwango cha bupivakeini.

Mtoto apimwe kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho. Watoto wengi ni wepesi kuliko umri wao unavyoonyesha, na kosa la kilo tano kwa mtoto wa kilo 15 ni theluthi nzima ya dozi.

Jeraha likiwa refu, usiongeze dawa, ongeza maji. Lignokeini ya asilimia 2 ikichanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi safi ya kuchanganyia dawa inakuwa asilimia 1. Ngozi inakufa ganzi vilevile, na tishu zinapokea dawa nyepesi.

Nilipasuliwa jipu na ganzi haikushika kabisa. Walitumia dawa mbovu?

Huenda dawa ilikuwa nzima. Tishu yenye usaha ina asidi nyingi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya dawa hubaki na chaji ya umeme, ambayo haipenyi kuingia kwenye neva. Damu pia inapita kwa kasi mahali palipovimba, kwa hiyo dawa inaondoka haraka.

Kinachofaa ni kuchoma kwenye ngozi nzima kuzunguka jipu, au kuzuia neva mbali na eneo hilo, kisha kusubiri dakika 5 hadi 10 ukitazama saa, siyo kwa hisia. Kusukuma dawa ndani ya jipu lenyewe kunaongeza shinikizo, kunaumiza na kunaweza kusambaza uchafu. Kuongeza mililita juu ya mililita kwa sababu mgonjwa bado analia ndiko kunakofikisha watu kwenye sumu.

Adrenalini inaozesha vidole?

Adrenalini hubana mishipa ya damu ili dawa ikae zaidi na damu ipungue. Kidole, ncha ya pua, sikio na uume hupata damu kupitia mishipa michache ya mwisho, ndiyo maana tulifundishwa kutoitumia huko. Matukio mengi ya zamani ya vidole kufa yalihusu prokeini (ganzi ya zamani), adrenalini iliyochanganywa kwa kukadiria, mpira uliobanwa muda mrefu, au kidole kilichotumbukizwa kwenye maji ya moto kikiwa na ganzi. Leo wapasuaji wa mikono katika nchi kadhaa hutumia kwa usalama mchanganyiko dhaifu wa kiwandani wa 1 kwa 100,000 au mwepesi zaidi, na wana fentolamini ya kuufungua mshipa ikihitajika.

Msimamo wetu kwa zahanati: kwenye kidole tumia lignokeini tupu. Inaondoa hatari ya kukosea mchanganyiko pale ambapo fentolamini haipo. Mililita 2 hadi 4 kwa kidole kizima zinatosha, zikigawanywa pande zote mbili za shina lake. Zaidi ya hapo ujazo wenyewe unaibana mishipa.

Kinachotutisha zaidi kwenye kidole ni ule mpira unaokatwa kutoka kwenye glavu na kufungwa ili damu isitoke. Kidole kimekufa ganzi, mgonjwa hasikii kubanwa, bandeji inafungwa juu yake, anaenda nyumbani. Kesho yake kidole ni cheusi. Ubane mpira huo kwa koleo kubwa la chuma ili usiweze kufungiwa ndani ya bandeji, andika muda ulioufunga, uondoe ndani ya dakika 20, na usifunge bandeji kabla hujaona ncha ya kidole ikirudia rangi yake. Kwa mafundi wa viwanda vya mbao Mufindi, ambako vidole vinakatwa mara kwa mara, hili liulizwe kwa sauti: "Mpira umetolewa?"

Na tohara je?

Ganzi ya tohara ni lignokeini tupu, au pamoja na bupivakeini. Adrenalini haina nafasi. Chupa mbili zinazofanana zisikae kwenye trei moja. Yenye adrenalini isiingie kabisa chumbani.

Iringa, Njombe na Mbeya watu wengi huchagua miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, na foleni huwa ndefu. Foleni hiyo isifute mizani. Mvulana wa kilo 30 anaruhusiwa mg 90: mililita 9 za asilimia 1, au 4.5 za asilimia 2. Ikiwa hazikutosha, ni bora kusubiri kuliko kuongeza. Uvimbe mdogo na wekundu wa siku mbili tatu ni kawaida. Rangi ya bluu au nyeusi kwenye kichwa cha uume, au kushindwa kukojoa, ni jambo la kurudi kituoni saa hiyohiyo.

Niling'olewa jino jana na mdomo bado hauna hisia.

Ganzi ya kawaida ya jino la chini huacha mdomo saa 3 hadi 5. Ikizidi saa 24, mpigie daktari wako wa meno na umweleze mpaka wa ganzi unaishia wapi: ulimi, kidevu au vyote. Sababu inaweza kuwa ncha ya sindano kuugusa neva, damu kuvilia karibu nayo, au dawa yenyewe. Dawa za asilimia 4, kama artikeini, zimehusishwa zaidi na ganzi ya ulimi inayochelewa kuondoka pale zinapotumika kwenye neva kuu ya taya la chini. Wengi hupona ndani ya wiki 8. Kama ulihisi shoti ya umeme wakati wa sindano, mwambie. Mtoa huduma mwangalifu akisikia hivyo husimama, huvuta sindano nyuma kidogo na hasukumi dawa palepale.

Mengine yanayofuata sindano ya meno ni haya. Taya kukataa kufunguka siku chache baadaye ni jeraha la misuli: weka kitambaa cha moto kiasi kwa dakika 20, kisha fungua na kufunga mdomo taratibu kwa dakika 5, mara kadhaa kwa siku, ukipata homa au uvimbe, rudi. Kidonda kwenye kaakaa hutokea pale dawa yenye adrenalini inaposukumwa kwa nguvu kwenye nyama iliyoshikana na mfupa. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, na usikwangue utando wake.

Mtoto kujing'ata mdomo ndilo jeraha linalozuilika kirahisi kuliko yote. Anahisi kitu kigeni, anatafuna, na jioni mdomo umevimba na una utando mweupe ambao wazazi hudhani ni usaha. Huo ni uponaji, na hupita ndani ya wiki moja au mbili. Mama au baba amwangalie mpaka ganzi iishe, asimpe chakula cha kutafuna wala chai ya moto. Mtu mzima naye aache chai ya moto, na aache ulanzi kwa siku hiyo.

Nilichomwa ganzi ya mgongo nilipojifungua kwa upasuaji. Maumivu ya mgongo niliyonayo yametokana nayo?

Mara nyingi hayakutokana nayo. Sehemu ya sindano inaweza kuuma siku chache, kama mahali popote palipochomwa. Maumivu ya miezi hutokana zaidi na ujauzito wenyewe, kunyonyesha ukiwa umeinama, na kurudi mapema kubeba maji, kuni na mtoto mgongoni. Wanaojifungua kawaida bila sindano wanayapata pia. Tunasisitiza hili kwa sababu tumekuta kina mama wanaokataa upasuaji wa dharura kwa kuogopa sindano, na hatari ya kuchelewa ni kubwa kuliko ya ganzi.

Dawa inayotumika kwa kawaida ni bupivakeini nzito ya asilimia 0.5, mililita 2 hadi 2.5. Miguu hurudi ndani ya saa 2 hadi 4. Mwambie muuguzi bila kusubiri ukiona saa 6 zimepita na miguu haijaanza kusogea, au ilirudi kisha ikalegea tena, au huhisi sehemu ya kukalia, au mkojo hautoki au unajitokea, au mgongo unauma sana pamoja na homa. Damu au usaha unaoibana uti wa mgongo hutibika kwa upasuaji wa mapema, na hapo saa zinahesabika. Kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala ni jambo jingine, linatokana na kuvuja kwa maji ya uti wa mgongo, na lina tiba yake, sema tu.

Sindano za goti ni salama?

Sindano moja ya ganzi ili kuchunguza au kutoa maji haijaonyeshwa kumaliza goti. Wasiwasi ni kurudia. Majaribio ya maabara yanaonyesha seli za gegedu zikifa zaidi kadiri dawa inavyokuwa kali na inavyokaa, bupivakeini ya asilimia 0.5 ikiwa mbaya na ropivakeini ikiwa nafuu. Sindano nyingi za goti huwa na steroidi pia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwapa wagonjwa triamsinoloni, mojawapo ya steroidi hizo, kila wiki 12 kwa miaka miwili: walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakupungua zaidi.

Kwa hiyo mzee wa Rungwe anayepanda milima na mzigo wa ndizi asigeuze sindano kuwa mazoea ya kila msimu. Goti lililokufa ganzi linabebeshwa gunia la lumbesa bila kulalamika, na hilo nalo ni uharibifu. Kupunguza mzigo, kuimarisha misuli ya paja na fimbo ya kutembelea ni tiba halisi.

Seftriaksoni (antibayotiki ya sindano) iliyochanganywa na lignokeini inaweza kupitishwa kwenye mshipa?

Kamwe. Mchanganyiko huo ni wa misuli tu. Gramu 1 huyeyushwa kwa mililita 3.5 za lignokeini ya asilimia 1 ili kupunguza maumivu makali ya dawa hiyo. Ukiingia kwenye mshipa, lignokeini inafika kwenye moyo na ubongo kwa mkupuo. Andika "misuli" kwenye bomba mara unapomaliza kuchanganya, na usiliache mezani likimsubiri mtu wa zamu inayofuata. Ukichoma takoni, ni robo ya juu ya nje, kwa sababu neva kubwa ya mguu inapita upande wa chini na wa ndani. Mguu unaolegea baada ya sindano kwa kawaida ni jeraha la neva hiyo.

Makete na Njombe dawa huwa ya baridi sana asubuhi. Ina madhara?

Haiharibu tishu, ila inauma zaidi. Shika chupa iliyofungwa kiganjani dakika kadhaa, au iweke kwenye maji ya uvuguvugu ya kiasi cha joto la mwili. Usiitie kwenye maji yanayochemka wala karibu na jiko la mkaa. Adrenalini huharibika kwa joto na mwanga. Dawa iliyobadilika kuwa ya kahawia au yenye chembe hutupwa.

Kupunguza mwasho zaidi, ongeza mililita 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4 kwenye mililita 9 za lignokeini ya asilimia 1, na utumie papo hapo. Usijaribu hivyo kwa bupivakeini, itaganda chembechembe.

Katriji za meno (vichupa vya ganzi vya sindano ya meno) zinaweza kulowekwa kwenye spiriti ziwe safi?

Zisilowekwe. Spiriti hupenya polepole kupitia mpira wa katriji na kuingia kwenye dawa. Mgonjwa anachomwa ganzi yenye pombe: sindano inaunguza, tishu inavimba, na neva inaweza kubaki na ganzi kwa wiki. Pangusa ncha kwa pamba yenye spiriti, basi.

Chupa kubwa, zile ambazo dozi huchotwa humo tena na tena, kwa kawaida zina dawa ya kuzuia kuoza, kwa hiyo haziruhusiwi kwenye uti wa mgongo hata siku ambayo nyingine zimekwisha. Sindano iliyokwisha kumgusa mtu isirudi ndani ya chupa. Na usimimine ganzi kwenye kikombe kisicho na lebo: iodini, spiriti na dawa ya kusafishia vyombo vimewahi kuchomwa watu kwa njia hiyo katika nchi nyingi.

Jeli ya ganzi kwa mtoto anayeota meno, na dawa za kupulizia za kuchelewesha tendo la ndoa?

Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe benzokeini wala lignokeini kwenye fizi. Benzokeini inaweza kuibadilisha damu isibebe oksijeni. Midomo inakuwa ya kijivu au bluu na mtoto analegea. Nyanda zetu ziko juu, hewa ina oksijeni kidogo kuliko pwani, hatuna cha ziada cha kupoteza. Mpe kitambaa safi kilichopozwa kwa maji akitafune.

Za kuchelewesha tendo zina lignokeini au mwenzake. Zikizidi zinaunguza ngozi, zinamfisha ganzi mwenza, na mchubuko hausikiki. Usizitumie kwenye ngozi yenye kidonda.

Nitajuaje dawa imezidi mwilini, na kifanyike nini?

Ladha ya chuma mdomoni, midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, kuona ukungu, kuongea ovyo, misuli kurukaruka, kisha degedege na moyo kuvurugika. Bupivakeini inaweza kuruka hatua za mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye moyo. Ndiyo maana mtoa huduma huongea na mgonjwa muda wote, huvuta bomba nyuma kuona kama damu inaingia kabla ya kusukuma, husukuma kidogokidogo, na hamwachi peke yake kwa dakika 30.

Ikitokea: acha sindano, ita msaada, fungua njia ya hewa, toa oksijeni, tibu degedege kwa diazepamu. Moyo ukisimama, kandamiza kifua na usikate tamaa mapema, kwani wengine wamerudi baada ya muda mrefu. Dawa ya kuokoa ni mafuta maalumu ya kupitishwa kwenye mshipa (lipid emulsion) ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kila kilo ndani ya dakika 2 hadi 3, kisha 0.25 kwa kilo kwa kila dakika. Mtu wa kilo 60 ni mililita 90 za mwanzo. Kituo kinachotumia bupivakeini kinapaswa kujua chupa hiyo iko kabati gani, na kama haipo, gari la kwenda hospitali ya rufaa linapatikanaje usiku.

Nina mzio wa ganzi. Nifanye nini?

Mzio wa kweli wa lignokeini ni nadra. Moyo kwenda mbio hutokana mara nyingi na adrenalini, na kuzirai hutokana na hofu. Upele wa kuwasha, uvimbe wa uso au kifua kubana ni habari nyingine: andika jina la dawa, tarehe na kilichotokea kwenye daftari lako la kliniki, na lionyeshe kabla ya kila sindano.

Madhara yakitokea, yanaripotiwa wapi?

Kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mtoa huduma hujaza fomu ya njano, na mgonjwa ana haki ya kuomba ijazwe. Yanayohitajika ni jina la dawa na asilimia yake, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, kiasi kilichochomwa, mahali, saa ya sindano na saa dalili zilipoanza. Kwa hiyo chupa isitupwe. Piga picha ya lebo yake kwa simu kabla haijaingia kwenye boksi la taka.